Kupanga Filamu Fupi ya Mwanafunzi: Kazi Inayofanyika Kabla ya Kamera Kuwashwa

Mwanafunzi anayepewa kazi ya kutengeneza filamu fupi kwa kawaida hukimbilia kamera kwanza, kisha huwatafuta waigizaji, na karatasi huikumbuka mwishoni, pale mwalimu anapoidai. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio wa kinyume. Karatasi itangulie, tena isiwe ya mswada peke yake, bali pia jedwali moja rahisi la shoti ambalo utalitumia mara tatu: kwanza kuichambua kazi ya mtu mwingine, pili kuipanga kazi yako, na tatu kuikagua filamu yako ikishahaririwa. (Shoti inayozungumziwa hapa si ile ya umeme, ni kipande cha picha kisichokatizwa, kuanzia mkato mmoja hadi mkato unaofuata.) Kujifunza ufundi wa filamu na kupanga filamu ni kazi moja inayofanywa kwa kalamu ileile, na ndiyo sababu nimeziweka pamoja.

Hatua ya kwanza: bomoa onyesho la mtu mwingine

Kabla ya kuwaza hadithi yako, chagua onyesho moja la dakika mbili au tatu kutoka katika filamu unayoipenda, ulibomoe mpaka ubaki na vipande vyake. Liwe onyesho la watu wawili wanaozungumza chumbani, lisiwe pambano wala ajali, kwa sababu hilo la chumbani ndilo utakaloweza kulitengeneza mwenyewe. Wanafunzi wengi huvutiwa na mauaji ya bafuni katika filamu ya Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Mauaji yenyewe huchukua chini ya dakika moja kwenye skrini, lakini kuyapiga picha kulichukua takriban wiki nzima, nawe huenda hujapewa hata siku mbili.

Litazame onyesho mara ya kwanza kama mtazamaji wa kawaida. Mara ya pili zima sauti kabisa, uone ni kiasi gani cha hadithi bado kinaeleweka. Mara ya tatu ipe skrini mgongo na usikilize tu: utasikia nyayo, kikombe kikiwekwa mezani, mlio wa mbali wa gari, na mara nyingine kimya kilichowekwa kwa makusudi. Mara ya nne ndipo ukae na kalamu, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha, na kwa kila mkato ujaze mstari mmoja wa jedwali: namba ya shoti, urefu wake kwa sekunde, ukubwa wa picha, mahali ilipo kamera na kama inasogea, sauti inayosikika, na mwisho sababu ya kukatwa pale ilipokatwa. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: shoti ya 7, sekunde 4, uso wa mama kwa karibu, kamera imetulia kwenye kimo cha macho, sauti ya mwanawe inasikika bila yeye kuonekana, imekatwa mama anapoinamisha macho.

Safu ile ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo inayofundisha. Usiandike kwamba shoti imekatwa "ili kubadilisha picha". Jiulize mtazamaji alikuwa anataka kuona nini wakati ule, na kama mwongozaji amempa au amemnyima. Ukishamaliza, pitia jedwali lote uone nani amepewa picha ya karibu kwanza, shoti zinaanza kufupika wapi, na ni mara ngapi tunamwona anayesikiliza badala ya anayesema. Kwa uzoefu wangu, hili la msikilizaji ndilo humshtua mwanafunzi zaidi, kwa kuwa amezoea kudhani kwamba kamera humfuata mwenye maneno.

Kuna jaribio la zamani ambalo ni vyema ulirudie mwenyewe. Lev Kuleshov, mwalimu wa filamu wa Urusi wa miaka ya 1920, husimuliwa kuwa aliunganisha picha ileile ya uso wa mwigizaji, usioonyesha lolote, na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Watazamaji wakamsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, majonzi na tamaa. Mpige picha rafiki yako akitazama pembeni kwa sekunde kumi bila kuigiza chochote, kisha utie katikati yake picha ya mlango uliofungwa, na mara nyingine picha ya sahani tupu. Kazi yote haizidi nusu saa, na baada yake hutamwambia tena mwigizaji "onyesha huzuni zaidi" bila kwanza kujiuliza shoti inayofuata ni ipi.

Tazama pia jinsi waliokuwa na vifaa vichache walivyopanga kulingana na uchache huo. Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1963, inamfuata mwendesha mkokoteni wa Dakar, Senegali, kwa siku moja ndani ya dakika 20 hivi, na sauti zake ziliwekwa baada ya picha kupigwa. Ndiyo maana mawazo ya mhusika yanabeba sehemu kubwa ya masimulizi. La Jetée ya Chris Marker, ya mwaka 1962, imejengwa karibu yote kwa picha mgando na sauti ya msimulizi. Katika filamu hizi upungufu umeingizwa katika hadithi tangu mwanzo, hivi kwamba huoni kiraka.

Hatua ya pili: hesabu ulicho nacho, kisha utafute hadithi

Andika orodha ya vitu vilivyomo mkononi mwako kweli: vyumba unavyoweza kuvitumia siku nzima, watu watakaokuja bila kubembelezwa, vitu vyenye sura ya kuvutia, na sauti zinazopatikana. Hadithi itoke humo. Ukianza na hadithi ya wahusika kumi na wawili, mvua ya usiku na farasi, utaishia kuikata vipande mpaka isijulikane ilikuwa inahusu nini.

Kwa mfano, tuseme una sebule moja, waigizaji wawili na redio ya zamani. Dada na kaka wanagawana vitu vya marehemu baba yao, na kitu cha mwisho kilichobaki ni redio ambayo haijawaka kwa miaka. Kila mmoja anaitaka, na kila mmoja anaona aibu kuichukua. Hadithi fupi haihitaji zaidi ya hapo: mtu anataka kitu, kuna kinachomzuia, na hadi mwisho kuna jambo lililobadilika baina yao. Ndoto ambayo mhusika anazinduka kutoka kwayo mwishoni, bastola, na mhusika anayejitazama kwenye kioo asubuhi ni mambo ambayo kila mwalimu wa filamu ameyaona kupita kiasi, nakushauri uyaache.

Kuhusu urefu, Tuzo za Oscar huihesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40 pamoja na majina ya watendaji, lakini kipimo hicho kisikudanganye. Lenga dakika tano hadi nane. Ukurasa mmoja wa mswada ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo mswada wa kurasa kumi na tano ni onyo unalopaswa kulisikia mapema.

Hatua ya tatu: mswada wa kuonekana na kusikika

Mswada huandikwa kwa wakati uliopo, na huandikwa tu kile ambacho kamera itakiona na maikrofoni itakisikia. Sentensi kama "kaka anamkumbuka baba yake na anajuta" haiwezi kupigwa picha. Linganisha na hii:

NDANI. SEBULE. ALASIRI.
Kaka anaiinua redio na kuiweka kwenye boksi la dada. Dada anaitoa bila kumtazama, anairudisha mezani, kisha anaifuta vumbi kwa kiganja.
DADA: Chukua wewe, kaka.
KAKA: Hata kuwaka haiwaki.
Anasema hivyo, lakini mkono wake haujaiachia.

Mstari wa mwisho umebeba majuto yote bila kuyataja. Ukimaliza rasimu, wape watu wawili waisome kwa sauti huku ukihesabu muda kwa saa, na kila penye neno ambalo msomaji anajikwaa, libadilishe, maana mwigizaji naye atajikwaa hapohapo. Kisha jaribu kufuta sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila mazungumzo; mara nyingi zilikuwa salamu na maelezo ambayo hakuna atakayeona yamekosekana.

Hatua ya nne: mchoro wa sakafu na orodha ya shoti

Hapa ndipo jedwali lako linaporudi, safari hii likiwa tupu, likisubiri shoti zako. Anza kwa kuchora chumba kama kinavyoonekana kutoka darini: meza, mlango, dirisha, dada upande mmoja na kaka upande mwingine. Chora mstari wa kufikirika kutoka kwa dada hadi kwa kaka. Kamera zote zikae upande mmoja wa mstari huo, ndani ya nusu duara la nyuzi 180. Ukiuvuka, dada aliyekuwa anatazama kulia ataonekana ghafla anatazama kushoto, na wote wawili wataonekana kana kwamba wanamtazama mtu wa tatu asiyekuwepo. Mstari unaweza kuvukwa, lakini kwa kamera inayosogea mbele ya macho ya mtazamaji au mhusika anayebadilisha nafasi, si kwa bahati mbaya. Tena, unapokata kutoka shoti moja hadi nyingine ya mtu yuleyule, hamisha kamera angalau nyuzi 30 au badilisha ukubwa wa picha waziwazi, la sivyo mkato utaonekana kama kasoro ya video.

Kama chumba kina dirisha, panga meza ili mwanga uwafikie wote wawili ubavuni, na kamera ikae mkabala, upande wa nyuso ulio na kivuli. Nyuso zitapata umbo bila kuwasha taa hata moja. Dirisha likionekana katika picha pana, lifunike kwa pazia jepesi ili lisiwe bamba jeupe.

Orodha ya shoti za onyesho la redio, tukichukulia kwamba mwishoni redio inachomekwa na kuwaka, inaweza kuwa hivi:

1. Picha pana ya sebule, onyesho lote tangu mwanzo hadi mwisho. Lazima.
2. Dada kwa picha ya kati (kuanzia kiunoni kwenda juu), kamera ikiwa nyuma ya bega la kaka, onyesho lote. Lazima.
3. Kaka kwa picha ya kati, kamera ikiwa nyuma ya bega la dada, onyesho lote. Lazima.
4. Mikono na redio: kuingia boksini, kutoka, kufutwa vumbi. Lazima.
5. Uso wa dada kwa karibu sana, kuanzia redio inapowaka. Lazima.
6. Plagi ikiingia kwenye soketi. Ikiwezekana.
7. Kamera ikisogea taratibu kuielekea redio. Ikiwezekana.

Alama ya "lazima" na "ikiwezekana" iwekwe ukiwa umetulia nyumbani, kwa sababu saa kumi na moja jioni, mwanga ukikimbia na mwigizaji mmoja akitazama saa, kila shoti itaonekana kuwa ya lazima. Zingatia pia kwamba uso wa dada umehifadhiwa hadi redio inapowaka. Ukimpa picha ya karibu katika sentensi ya kwanza, hutakuwa na pa kwenda zaidi.

Baada ya hapo, ipige filamu yote kwa simu, ukiwatumia marafiki wowote waliopo, bila taa wala mavazi, na uihariri jioni ileile. Filamu hii ya majaribio itakuwa mbaya, lakini itakuonyesha kwamba shoti ya 3 inarudia yale yale ya shoti ya 2, au kwamba umesahau kuonyesha mlango ulipo. Nikilazimika kuchagua hatua moja tu ya kumwachia mwanafunzi mwenye haraka, nitamwachia hii.

Hatua ya tano: watu, mahali na ratiba

Mgawanyo wa kazi uwe wazi: mwongozaji, mpigapicha, mwenye sauti, msaidizi wa mwongozaji anayeshika saa, na mtu wa mwendelezo anayekumbuka kikombe kilikuwa mkono gani. Mtu mmoja anaweza kubeba kazi mbili, ila mwongozaji asiigize katika filamu yake ya kwanza, na mwenye sauti asipewe kazi nyingine yoyote wakati kamera inarekodi.

Tembelea mahali pa kurekodia saa ileile utakayorekodi. Angalia jua linaingia wapi, hesabu soketi, kisha simama dakika mbili bila kusema neno na usikilize. Ruhusa ya mwenye mahali na ridhaa ya waigizaji ziwe kwa maandishi, hata kama ni ndugu zako, kwa kuwa mashindano mengi ya filamu yatazidai.

Ratiba haifuati mfuatano wa hadithi. Inafuata mahali, halafu inafuata kamera inakoelekea. Shoti zote zinazomtazama dada zipigwe pamoja, kisha ndipo kamera na taa zigeuzwe kumwelekea kaka. Kwa timu ya wanafunzi, mimi hukadiria nusu saa hadi dakika 45 kwa kila nafasi mpya ya kamera, kwa hiyo siku ya saa nane haiwezi kubeba zaidi ya nafasi kumi au kumi na mbili ukitoa muda wa kula. Nao muda wa kula uwepo kweli, na chakula kiwepo. Watu hawa hawalipwi, na mkono mtupu haulambwi.

Fedha ikiwa haba, itumike kwenye chakula, usafiri na maikrofoni kabla ya kuifikiria lenzi. Ama muziki, kumbuka kuwa wimbo una haki mbili tofauti, ya utunzi na ya rekodi. Utunzi mkongwe usiolindwa tena unaweza kuwa na rekodi mpya inayolindwa, na hilo limewafungia wengi mlango wa mashindano. Rafiki anayepiga gitaa na aliyetia sahihi karatasi ya ruhusa ni njia salama zaidi.

Hatua ya sita: vipimo na sauti

Amueni mapema kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazorekodiwa, 24 au 25 kwa sekunde, na kamera zote zifuate hiyohiyo. Kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe karibu mara mbili ya kasi ya fremu, yaani takriban 1/50 ya sekunde. Penye umeme wa hezi 60 tumieni 1/60 ili taa zisimetemete. Zimeni mipangilio ya kujiendesha ya mwangaza na ya rangi: mizani ya weupe, inayoifanya kamera ione nyeupe kuwa nyeupe, huwa karibu kelvini 5600 kwa mwanga wa mchana na 3200 kwa taa za balbu zenye waya unaowaka. Sauti irekodiwe kwa kilohezi 48, na vilele vya maneno (pale sauti inapopanda zaidi) vibaki kati ya -12 na -6 kwenye kipimo cha desibeli.

Katika filamu yangu ya kwanza ya uanafunzi tulirekodi mazungumzo ya siku nzima jikoni, na hakuna aliyelisikia jokofu, kwa sababu masikio huzoea haraka. Kwenye meza ya uhariri tulilisikia vizuri sana: lilikuwa linanguruma katika sentensi ya mama, limenyamaza katika jibu la mtoto, linanguruma tena, na kila mkato ukawa na pengo kama jino lililong'oka. Tangu hapo huwa nazima jokofu na kuweka funguo zangu ndani yake, ili nisiweze kuondoka bila kuliwasha. Aidha, kabla ya kutoka katika kila chumba, wote wakae kimya kwa sekunde 30 huku sauti ikirekodiwa. Kimya cha chumba kile ndicho kitakachoziba mapengo baadaye.

Hatua ya saba: siku ya kurekodi

Kila shoti ifuate mpangilio uleule: waigizaji wafanye mazoezi mahali hapo, nafasi zao ziwekwe alama ya gundi sakafuni, taa zirekebishwe, ndipo mrekodi. Anzeni na picha pana, kisha msogee karibu, maana picha pana ndiyo inayoamua kila mtu aliketi wapi. Itajeni namba ya shoti na ya jaribio mbele ya kamera na mpige makofi mara moja, ili picha na sauti zilinganishwe kwa urahisi. Kabla ya mwigizaji kuanza, na baada ya kumaliza, mwongozaji ahesabu moyoni hadi tano. Mhariri atazihitaji sekunde hizo.

Mtu mmoja aandike kila jaribio na kasoro yake. Mali bila daftari huisha bila habari, na shoti nazo ni hivyohivyo. Jioni, nakili kila kitu kwenye diski mbili tofauti, zilale nyumba mbili tofauti, na kadi isifutwe mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kuchezwa.

Hatua ya nane: jedwali kwa mara ya tatu

Tenga nusu ya muda wako wote kwa ajili ya uhariri. Unganisha kwanza filamu nzima ovyo ovyo, ili uone umbo lake kabla ya kupendezwa na shoti moja moja. Kisha jaribu kutanguliza sauti: maneno ya kaka yaanze kusikika tukiwa bado tunamtazama dada, ndipo picha ifuate. Itazame bila sauti, halafu isikilize bila picha, kama ulivyofanya na kazi ya mwingine hapo mwanzo.

Rasimu ya pili ikikamilika, chukua karatasi mpya na ujaze jedwali la filamu yako kama vile umeikuta tu mahali, shoti kwa shoti, pamoja na ile safu ya sababu ya mkato. Liweke kando ya jedwali ulilopanga kabla ya kurekodi. Utakuta plagi na soketi hazikutumika kabisa, picha pana imekaa sekunde kumi na nne badala ya tano, na kuna mistari mitatu au minne ambayo safu yake ya mwisho umeshindwa kuijaza. Rudi kwenye uhariri na uanzie na mistari hiyo.